Kulabu Niliyoificha Mfukoni

Mwanangu Shomari,

Salamu sina. Zitakuja mwishoni, kama zitakuja. Mtu aliyepindua sinia la pilau mbele ya wageni wa dua hana uso wa kuanza na hali zetu njema hofu kwenu, na nikiandika kwamba hali yangu ni njema nitakuwa nimeongeza uwongo juu ya uwongo, na ule wa kwanza bado umenikaa kooni.

Umetoka kwenda kuaga mitaa umenuna. Haki yako. Watu wamekuja kukuombea dua ya safari, mama yako amepika tangu alfajiri, kisha baba mtu anainuka, anapiga sinia teke, anatoka nje na kuwaachia kuku zabibu sakafuni. Niliwasikia dirishani wakisema, "Mzee Kibwana ana uchungu wa kuachwa na mwanawe." Uchungu! Nilitaka kurudi nipindue na la pili.

Sasa soma kwa nini. Nimeandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, si za shule, kusudi karani yeyote wa huko uendako akiiokota barua hii asiambulie kitu.

Ulifungua daftari lako watu wakiwa katikati ya kula. Ulikuwa umeichora springi ya bamba la trekta, ile niliyoitengeneza mimi, na umeichora vizuri, wallahi, hata pingili za mnyororo ulizihesabu. Ukawaeleza wageni kwamba kule shamba la katani karibu na Ubena wana trekta dogo kama letu, na wanakungoja uwatengenezee springi kama ya baba. Ukawaonyesha kulabu yake. Ukasema, "Hapa unatia moto, unakunja, unazamisha maji ya bahari, bismillahi tatu, kwisha." Halafu ukasema, "Ila nitawaambia wachague dereva mwenye akili zake, asije akawa mzembe kama Mjomba Sefu akajiangushia bamba mguuni."

Watu wakacheka. Na maneno hayo uliyoyasema, ni mimi niliyekufundisha.

Trekta lile unalijua. Bwana msimamizi wa mabwawa ya chumvi aliliagiza kwa ajili ya bustani ya nyumbani kwake. Bustani gani huku pwani, majani yenyewe mbuzi wawili wanayamaliza! Likalala bandani mwaka mzima. Kisha ikaonekana kwamba trekta kubwa linazama kwenye mabwawa na hili dogo halizami, nikaamriwa nilifunge bamba la chuma mbele, la kukwangulia tope kila chumvi ikishavunwa. Nikalifunga. Bamba lilipanda na kushuka kwa mkono mrefu wa chuma uliokuwa pembeni mwa kiti, na aliyeuvuta huo mkono ni dereva, kwa nguvu za bega lake. Dereva alikuwa mjomba wako Sefu.

Tope la chumvi likishika bamba halibanduki. Sefu alikuwa akiinua na kushusha tangu asubuhi mpaka alasiri, na jioni akija kula kwetu mkono hauwezi kufikisha tonge mdomoni. Mama yako alimkanda kaka yake kwa mafuta ya nazi, akimkanda ananitazama mimi. Siku moja akasema, "Wewe si fundi? Mfanyie kitu kaka yangu." Kwa hiyo usije ukadhani nilianza kwa ubaya. Nilianza kwa huruma, mwanangu. Ubaya ulikuja baadaye, watu walipoanza kunisifu.

Kwenye lundo la vyuma vibovu niliokota springi ndefu ya mashine kuukuu ya katani. Ufundi wenyewe ni mwepesi. Upande mmoja unaufunga juu kwenye fremu, upande wa pili kwenye mkono wa kuinulia. Bamba likishuka, springi inavutika. Dereva akitaka kuinua, inarudi na kumsaidia. Ukiikaza mno bamba linaelea, haliumi tope. Ukiilegeza umefanya pambo. Ndiyo maana nikaweka kipande cha mnyororo, uongeze pingili au upunguze mpaka upate pake. Hayo yote umeyachora sawasawa, na nilipoyaona nilijivuna kidogo, sitaficha.

Usichokichora ni kwamba springi ile niliiokota kulabu yake moja imekwisha kukatika. Fundi mwenye akili angejiuliza imekatika kwa nini. Mimi nikaunyoosha mzunguko wa mwisho motoni, nikakunja kulabu mpya, ingali nyekundu nikaizamisha kwenye ndoo ya maji ya bahari. Babu yako alikuwa mhunzi wa tezo za maseremala pale Kaole, na kila tezo iliyotoka mkononi mwake ilizamishwa hivyo, kwa maji yaliyotekwa bahari ikiwa imejaa, na bismillahi tatu. Makali yake yalikuwa hayapindi. Nilikua nikiona hivyo, sikuwahi kuona chuma kikitiwa matiko kwa njia nyingine. Ala! Tezo ni tezo. Tezo inataka ugumu. Springi inavutwa na kuachwa mchana kutwa, inataka kunyumbulika, na chuma kikishakuwa kigumu mno hakinyumbuki, kinavunjika kama chungu.

Niliigonga kwa nyundo ikalia vizuri, nikafurahi. Kengele nayo hulia vizuri, ningeifunga kengele basi!

Lakini hilo ningeweza kusema ni ujinga, na mjinga anasamehewa. Lipo lingine ambalo halikuwa ujinga. Ule mkono wa kuinulia ulikuwa na kishikio, kipande cha chuma chenye meno. Bamba likipanda, mkono unaingia kwenye jino na kukaa hapo, hata dereva akishuka. Kishikio kilikuwa njiani mwa springi yangu. Ningeweza kuisogeza springi vidole viwili tu, ingenipotezea siku moja. Na siku hiyo sikutaka kuipoteza, kwa sababu kesho yake bwana msimamizi alikuwa analeta wageni kutazama. Nikachukua msumeno wa chuma nikakikata kishikio. Sefu akauliza, "Na hiki je?" Nikamwambia, "Hukihitaji tena, springi inabeba."

Kesho yake bwana msimamizi akainua bamba kwa vidole viwili mbele ya wageni wake. Akanipiga bega. Akasema hata kwao Ulaya hawana kitu kama hiki. Nami nikaamini! Mtu mzima na mvi zangu, naamini kwamba Ulaya yote haina springi.

Wiki moja kabla ya ajali Sefu alikuja hapa barazani. Akasema, "Shemeji, ile kulabu yako ina sauti. Kila nikishusha inasema tik. Hebu njoo uitazame." Nilikuwa ninakunywa kahawa. Nikamwambia, "Wewe endesha, ufundi niachie mimi." Akasema, "Nimekuachia ufundi, shemeji, ila mguu ni wangu." Akacheka, nami nikacheka, tukanywa kahawa. Nilikuwa nimeipaka springi mafuta ya papa isiliwe na chumvi, kama watu wanavyopaka vyombo vya baharini, na mafuta yale mazito yalifunika ufa, hata ningetazama huenda nisingeuona. Lakini sikutazama. Kwa hiyo hilo la mafuta nalifuta, ni kisingizio.

Siku yenyewe Sefu aliinua bamba, akashuka kulikwangua tope kwa kipande cha ubao kama alivyofanya siku zote. Kulabu ikakatika. Jino la kuzuia halipo. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nikasikia kulabu kwanza, kisha bamba, kisha yeye.

Hapa soma polepole. Kabla sijamshika shemeji yangu, niliinama nikaiokota ile kulabu iliyorukia topeni nikaitia mfukoni. Kabla, Shomari! Yeye analia "Mtume wangu, mguu wangu," mimi naokota chuma.

Tulimlaza juu ya mlango tulioung'oa bandani, tukamwinua. Bwana msimamizi akafika, akauliza imekuwaje. Sefu uso umemgeuka rangi, hakumtazama bwana, alinitazama mimi. Akasema, "Shemeji, sema."

Nikasema. Nikasema dereva huyu nimemkataza mara nyingi kuweka mguu chini ya bamba. Nikasema ana pupa, anavuta mkono kwa kishindo mpaka vyuma vinachoka. Nilipoulizwa habari za kishikio nikasema sijui, labda kilianguka zamani. Bwana msimamizi akaandika kwenye kitabu chake kwamba ni uzembe wa dereva, akafunga kitabu. Sefu alirudi kutoka hospitali vidole hana, nusu ya mguu hana, na kazi hana.

Na huyo bwana usidhani namwacha aende zake. Macho alikuwa nayo. Mahali msumeno ulipopita chuma kilikuwa kimenyooka kama mkato wa kisu, mtoto mdogo angeona. Hakutaka kuona, kwa sababu springi ile alikwisha kujitapa nayo kwa wenzake. Uwongo wangu ulimfaa akaupokea kwa mikono miwili. Lakini aliyempa ni mimi.

Mama yako akaniamini, na hilo ndilo linaloniua. Alikwenda Kaole kumwambia kaka yake aniombe radhi kwa kunitia aibu kazini. Mimi ndiye niombwe radhi! Sefu akamjibu neno moja tu, "Mwanaidi, mumeo anajua." Akarudi amefura, ananiambia Sefu hana haya, anatafuta wa kumtupia makosa yake. Nami nikaitikia, nikala chakula alichonipikia, nikalala usingizi. Miaka minne hawajala sinia moja. Idi nane zimepita, watoto wa baba mmoja na mama mmoja, wanapishana njiani kila mtu anatazama upande wake.

Wewe ulikuja ukaniuliza, ukiwa na sauti bado haijavunjika vizuri. Nikakuambia mjomba wako mzembe. Aliyekupakata siku ya jando ni nani? Ulimng'ata bega mpaka akatoka damu na hakukuachia, alikuwa anakuambia "Ng'ata, mjomba, ng'ata, bega ni lako." Leo umemfanya kichekesho kwa maneno yangu, siku ya safari yako, na yeye hata kualikwa hakualikwa. Nilipopiga lile sinia nilitaka kukupiga wewe. Kisha nikaona huna kosa, na hasira ikakosa pa kwenda.

Na hii kazi unayoiendea, unajua imepatikanaje? Barua ya bwana msimamizi kwenda Ubena inasema huyu ni mtoto wa yule fundi wa springi. Kazi yako, mwanangu, imesimama juu ya mguu wa mjomba wako.

Sikukatazi kuitengeneza. Nikikukataza nitakuwa mwoga mara ya pili, na madereva wa huko nao wana mabega. Itengeneze, ila si kwa daftari lile. Springi usiitie moto, hata kidogo. Ikiwa imekatika kulabu, itupe utafute nyingine. Ukikosa kabisa, fua kulabu ya chuma laini peke yake, uikaze ndani ya mizunguko ya springi kama skrubu. Kishikio usikiguse. Nafasi ikikosekana, hamisha springi yako, hata kama bwana anakuja kesho na wageni mia. Pitisha na mnyororo wa pili uliolegea, usio na kazi yoyote isipokuwa kungoja siku springi itakapokatika, maana itakatika, zote hukatika. Springi inamsaidia dereva kuinua, lakini kulishikilia bamba juu si kazi yake. Tumia grisi, na kila Ijumaa uifute uone chuma chenyewe. Na dereva akija akakuambia inasema tik, weka kikombe chini uende naye saa ile ile.

Najua hapo unasema baba ameanza mawaidha. Sina mawaidha. Ninayo kulabu tu, imekaa mbele yangu hapa mezani, miaka minne ilikuwa ndani ya kopo la misumari kule juu kabisa ambako nilikukataza usiguse. Ulidhani nakuogopea misumari.

Nitakuambia habari ya babu yako, kisha basi. Siku moja tezo yake ilimvunjikia mtu mkononi, ikamkata kidogo tu kidole. Babu yako alifunga kiwanda siku tatu, akawa anapita nyumba kwa nyumba, Kaole mpaka mjini, kwa wote walionunua tezo za moto ule mmoja. Akawa anawaambia, "Nirudishie, nimekosea." Wengine walimcheka. Nilikuwa ninamfuata nyuma nimebeba kikapu, naona aibu, nasema moyoni mzee huyu anajiharibia jina. Nimerithi maji yake ya bahari, Shomari. Ule mwendo wake wa nyumba kwa nyumba sikuutaka.

Jumatatu nitaingia kwa bwana msimamizi na kulabu hii na nitaiweka juu ya kitabu chake. Akinifukuza, na anifukuze, potelea mbali. Huenda akaandika barua Ubena, nawe ukaambiwa hawakutaki tena. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Ukifukuzwa rudi nyumbani, tutakula muhogo. Na ukinichukia, nichukie, ila sasa utanichukia kwa jambo la kweli.

Usiniambie ningoje hasira ipoe. Najijua. Miaka minne nilikuwa mtu mtulivu sana, watu wakinisifu kwa upole, na upole wangu ndio uliomkalisha Sefu chini anachonga mipini ya majembe. Hasira hii ikipoa nitapata tena sababu nzuri ya kunyamaza, nazo sababu sijawahi kuzikosa.

Kabla sijashika kalamu nilimwambia mama yako. Alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi ya safari yako. Nilimwambia yote, na la kulabu, na la "Shemeji, sema." Nilingoja anipige na mwiko. Aliendelea kukanda, akakanda, akakanda, kisha akaufunika unga, akanawa mikono, akaingia chumbani akatia komeo. Unga umeumuka mpaka umefurika bakuli, unamwagika mezani, hakuna anayeugusa. Mimi nauogopa.

Nilikuwa nimekusudia kukuandikia kwamba kesho, wewe ukiisha kupanda lori, nitakwenda Kaole. Nilikuwa nimeuandika mstari huo, nimeukata, unauona hapo juu wino ulipovurugika. Mama yako ametoka chumbani sasa hivi. Amejifunga kanga zake za kutokea, macho mekundu. Nimemwambia, "Nakwenda kwa Sefu kesho." Akanitazama, wallahi sijawahi kutazamwa hivyo ndani ya nyumba hii. Akasema, "Kesho ya nani? Mimi sina hata siku moja zaidi ya kumkosa kaka yangu. Funga hiyo barua, utangulie mbele, na ukifika mlangoni uanze wewe kusema."

Basi tunakwenda. Jua bado lipo kidogo. Ukirudi utaikuta nyumba tupu na bakuli la unga. Usituulizie kwa majirani. Sanduku lako limefungwa, daftari nimelitoa nimelichoma, utachora jingine. Kulabu nimeitia mfukoni, mfuko ule ule, lakini leo inatoka.

Salamu nilizokunyima pale juu sijazipata bado, na sitazipata humu ndani. Lori linaondoka alfajiri, Kaole ni mwendo wa saa moja, na mbalamwezi ipo. Umezunguka mji mzima kuaga, Shomari. Mjomba wako hujamuaga.

Baba yako,
Kibwana